Lenzi ndogo ya mtaani: pima miguu yako kwanza

Mtu akitaka kununua lenzi isiyo na zumu kwa ajili ya picha za mtaani, swali lake la kwanza huwa: nichukue f/1.4 au f/2? Namba hizo ni za tundu linaloingiza mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Mimi namrudishia swali jingine. Ukimwona mtu unayetaka kumpiga picha, miguu yako husimama umbali gani? Wengi hucheka wakidhani nakwepa kujibu. Sikwepi. Lenzi ya namna hii haivutiki wala kurudi nyuma, kwa hiyo ukiinunua umenunua umbali, na kila mtu ana umbali wake tangu kabla hajaishika.

Wangu ni mita 3. Ni mwanamke mfupi, mwenye haya za kutosha, na picha zangu nazipiga nikienda kazini na kurudi, kamera ikiwa mkononi au kwenye mkoba. Kwenye mita 3 naweza kuinua kamera bila moyo kunienda mbio na bila mtu kuona nimemvamia. Nikisogea mpaka mita moja na nusu naanza kutabasamu tabasamu la kuomba radhi, na hapo picha imekwisha, maana kila mtu ndani ya fremu ananitazama mimi.

Sasa hesabu, ambayo si ngumu. Kihisi cha kamera yangu, yaani kile kipande kinachopokea picha, ni cha ukubwa uitwao APS-C, kimo chake milimita 15.6. Mtu wa mita 1.7 akisimama, nami nimeishika kamera kwa kulala, atajaa kwenye fremu kutoka utosini hadi unyayoni nikiwa mita 2 kutoka kwake kwa lenzi ya 18mm (huo ni urefu wake wa fokasi: ukiwa mdogo, lenzi inaona pana zaidi), mita 2.5 kwa 23mm, karibu mita 3 kwa 27mm, na mita 3.8 kwa 35mm. Wenye kamera za fremu kamili, ambazo kihisi chake ni kikubwa zaidi, wazidishe kwa 1.5 na watapata jamaa zao: 28, 35, 40 na 50 hivi. Wenye Micro Four Thirds, yenye kihisi kidogo zaidi, wao huanzia na 14, 17, 20 na 25. Umbali unabaki uleule.

Kama huujui umbali wako, ushauri unaorudiwa kila mahali ni kuchambua picha zako za zumu uone urefu upi umeutumia zaidi. Siuamini sana. Nilipochambua zangu za 18-55, zilijazana kwenye 18 na kwenye 55. Pete ya zumu hugota hapo, basi. Mkono ukiwa na haraka unazungusha mpaka mwisho, na kompyuta inakuja kukuambia kwamba hayo ndiyo mapenzi yako. Afadhali kata kipande cha utepe, ubandike pete isizunguke, 23 au 27 au 35, utembee nayo wiki nzima. Kisha picha ziache kwanza, fikiria ulivyokuwa unatembea. Kama ulikuwa unarudi nyuma kila mara mpaka unawakanyaga watu, lenzi hiyo ni ndefu kwako. Kama kila jioni unakaa kupunguza kingo za picha mpaka inabaki nusu, ni fupi.

Mimi niliishia 27mm, na nitaeleza kwa picha moja. Vijana wawili walikuwa wanavusha barabara kioo kirefu cha kabati, wa mbele akitembea kinyumenyume, shingo ameigeuza aone anakokanyaga. Kioo kilikuwa kimeinama kidogo kuelekea kwangu. Ndani yake mlikuwa na ubavu wa basi, kipande cha mbingu, na mama mmoja mwenye mwavuli wa njano ambaye kwa kweli alikuwa amesimama nyuma yangu. Kwa mita 3, lenzi ya 27mm inaona upana wa mita 2.6. Vijana wote wawili wameingia, wa nyuma amekatwa kidogo kwenye kiwiko, na vidole vinane vya yule wa mbele vinaonekana vimekunjika kwenye ukingo wa kioo, vyeupe kwa kukaza. Kwa 35mm ningepata upana wa mita 2: ama kioo ama mikono. Kwa 18mm ningepata karibu mita 4, yaani mabango, magari yaliyoegeshwa, na mwavuli wa njano uliobaki nukta.

Hilo halina maana kwamba 27 ndiyo sahihi. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa 50mm kwenye kamera za filamu ya 35mm (huo ni upana wa filamu), sawa na fremu kamili. Mmarekani Garry Winogrand anajulikana kwa 28mm. Waweke kwenye kona moja ya barabara, mmoja angesimama kando na kusubiri umbo likamilike, mwingine angeingia katikati ya watu. Ukiiga lenzi ya mtu ambaye mwili wake hauna woga kama wako, utakuwa na lenzi nzuri na picha za migongo.

Turudi kwenye f/1.4, maana najua bado iko kichwani. Ni kweli inaingiza mwanga mara nne ya f/2.8. Lakini mchana wa jua kali, kwa ISO 400 (ISO ni wepesi wa kihisi kuhisi mwanga) na f/8, shata inafika karibu 1/1600 ya sekunde. Ukiingia kivulini inashuka hadi 1/200 hivi. Pandisha ISO mpaka 1600 na umerudi 1/800. Mtu anayetembea hutulia vizuri kwa 1/500, na hata 1/250 hufaa kama hajakukatiza mbele. Hakuna popote hapo ulipohitaji f/1.4. Na ule ufifishaji wa nyuma unaoletwa na tundu kubwa, unaosifiwa sana, kwenye picha za mtaani ni wa nini? Nyuma ndiko kuliko na mtaa. Ukiufuta wote ubakishe uso mmoja unaoelea, picha hiyo ungeipiga hata ukutani kwako.

Usiku ni habari nyingine, na anayetoka kazini gizani kila siku namwambia achukue f/2 au namba ndogo zaidi bila kusita. Mimi usiku napiga f/2.8 na ISO 6400, chenga zinaonekana, sijali.

Kinachonishughulisha zaidi ni fokasi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hawaulizi kitu. Fokasi ya otomatiki siku hizi ni nzuri, lakini mtaani huchagua isichotakiwa: mtu anapita mbele sekunde ileile, nayo inamfuata yeye. Kwa hiyo mchana mimi huizima. Naweka f/8, kwa kuwa tundu dogo huongeza eneo linalokuwa kali, naweka fokasi mita 3, kisha siigusi tena. Kwa lenzi ya 27mm kwenye kihisi changu, kila kilichoko kati ya mita 1.8 na zaidi ya mita 8 kinakuwa kikali cha kutosha. Kubonyeza kunakuwa papo hapo, kamera haina cha kutafuta. Ukiwa na 18mm ni raha zaidi, kwani fokasi ikiwa mita 2 kwa f/8 unapata kuanzia mita moja mpaka upeo wa macho. Kwa 35mm, f/8, mita 3, nafasi inabana: takriban mita 2.2 hadi 4.9. Inawezekana, ila lazima uujue umbali kwa macho. Ukifungua mpaka f/2.8 kwenye 27mm unabaki na mita 2.4 hadi 3.9, ndiyo maana giza likiingia naiwasha otomatiki na kuvumilia.

Kuujua umbali kwa macho ni mazoezi ya kipuuzi lakini yanafanya kazi. Kwangu mita 3 ni hatua nne na nusu. Nikiwa kwenye foleni nakisia umbali wa mlango, kisha foleni ikisogea nahesabu hatua. Baada ya muda jicho linazoea, na unaanza kukisia watu wakiwa bado wanakuja.

Ndiyo sababu, kabla ya kununua, shika pete ya fokasi uone tabia yake. Lenzi nyingi za sasa, pete haivuti vioo moja kwa moja. Inatuma ishara kwa mota, nayo mota inasogeza. Haina mwanzo wala mwisho, inazunguka tu. Kamera nyingine ukiizima zinasahau umbali uliouweka, na hilo ni la kujaribu mkononi: weka mita 3, zima, washa, tazama. Olympus 17mm f/1.8 ya Micro Four Thirds ina ufundi mzuri hapo. Ukivuta pete kuja nyuma, namba za umbali zinajitokeza, nawe unaweka unapotaka kwa kutazama tu. Ningefurahi kila mtengenezaji angeiba wazo hilo.

Udogo wenyewe sasa. Lenzi yangu, Fujifilm XF 27mm f/2.8 R WR ya mwaka 2021, ina uzito wa gramu 84 na urefu wa milimita 23. Ile zumu ya 18-55 niliyokuwa nayo ina gramu 310. Watu husema kwamba lenzi ndogo haiwatishi wanaopigwa picha, na ni kweli kidogo, ingawa mtu asiyetaka kupigwa hatadanganywa na ufupi wa lenzi, wala hupaswi kujaribu kumdanganya; akitikisa kichwa, shusha kamera. Faida kubwa naiona mahali pengine: kamera inaingia kwenye mkoba bila kuvuliwa lenzi, haijiinamii mbele ikining'inia shingoni, na asubuhi ya mvua, begi likiwa limejaa, sina sababu ya kuiacha nyumbani. Toleo lake la kwanza, la 2013, lina gramu 78 lakini halina pete ya tundu la lenzi, na halijakingwa dhidi ya unyevu. Kwa ajili ya pete tu ningechagua jipya, kwa sababu naona f/8 kabla hata sijawasha kamera. Kasoro yake ni mota, ambayo inakoroma kidogo na si ya haraka. Nikishaizima fokasi, haikoromi.

Kwa kamera nyingine, hizi nimezishika au kuzitumia kwa kuazima. Canon RF 28mm f/2.8 STM ya 2023 ina gramu 120, bapa kabisa, na nadhani ndiyo inayowafaa wengi wa upande huo. Mwenye Canon ya zamani yenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR) atafute EF 40mm f/2.8 STM ya 2012, gramu 130. Imenisononesha mara kadhaa kwamba si yangu. Nikon wana Z 40mm f/2, gramu 170, si bapa lakini ni nyepesi na inaona gizani. Panasonic 20mm f/1.7 hutoa picha nzuri sana, ila otomatiki yake ni ya polepole kiasi cha kukukosesha, kwa hiyo ni ya watu wa fokasi ya mkono, nayo pete yake haina namba. Kwenye Fujifilm, 23mm f/2 ina gramu 180 na fokasi ya haraka kuliko yangu kwa mbali. Ingekuwa miguu yangu inasimama mita 2 na nusu, ningekuwa nayo hiyo sasa hivi.

Ukali wa picha sijausema, na sitausema sana. Kwa f/8 zote nilizozitaja zina ukali wa kutosha kuchapisha picha kubwa ya ukutani. Anayepima kona kwa kuikuza picha mara mia, mtaa unampita.

Jambo la ufupi wangu, kwa wafupi wenzangu: macho yangu yako kwenye usawa wa vifua vya watu. Lenzi pana ikiwa karibu, kilicho karibu nayo hukua, kwa hiyo kwa 18mm mita moja kutoka kwa mtu mrefu napata mkanda mkubwa na kichwa kidogo kinachokimbilia juu. Kwa 27mm kutoka mita 3 hilo halipo. Warefu wana tatizo la kinyume, wanapata vipara, na wao wapinde magoti.

Ukinunua iliyotumika, washa tochi ya simu, uimulike ndani kutoka nyuma huku ukitazama mbele kwa pembe. Vumbi kidogo halidhuru. Nyuzi nyembamba zenye matawi ni kuvu, iache. Halafu piga picha ya ukuta wenye maandishi au matofali, kamera ikiwa sambamba nao, tundu likiwa wazi kabisa, na ulinganishe kona ya kushoto na ya kulia. Zikilingana, hata zikiwa hafifu zote mbili, ni sawa. Moja ikiwa kali na nyingine imefifia, vioo vimepinda ndani, pengine iliwahi kuanguka. Rudia picha hiyo mara mbili kabla hujakataa, kwani mara nyingi ni wewe uliyesimama upande.