Nilivyotumia friza kuokoa vyombo vya kale visiliwe na dumuzi

Makumbusho madogo ya mtaa hapa mwambao hayana maabara, na mbao pamoja na ukindu ndivyo dumuzi wanavyovipenda. Dalili ni unga laini unaodondoka chini ya bao, kawa au mbuzi ya kukunia nazi. Tundu peke yake si ushahidi, maana huenda mdudu alitoka zamani. Kwa hiyo kila chombo kipya nilikitenga chumba cha pembeni, juu ya karatasi nyeusi, wiki mbili. Unga mpya hauwezi kujificha hapo.

Mafuta ya taa, dawa ya wengi majumbani, sikuyagusa. Yanaacha doa, yanashika vumbi, na hayamfikii buu aliye ndani ya mbao. Naftalini nayo niliiacha, kwa sababu mvuke wake unamdhuru anayeshinda chumbani humo.

Nilitumia friza ya kawaida ya kufunua juu, inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri. Chombo kikiwa kikavu nilikizungushia kitambaa cha pamba, nikakitia kwenye nailoni nzito, nikakamua hewa na kuziba mdomo kwa utepe. Friza iwe imeshaganda kabla ya kupakia, wala isijazwe zaidi ya theluthi. Ikijaa, chombo hupoa polepole na wadudu hupata muda wa kuizoea baridi. Niliacha wiki mbili kamili. Umeme ukikatika hadi kipimajoto kikapanda, nilianza kuhesabu upya.

Wengi huharibu wakati wa kutoa. Nailoni isifunguliwe hadi zipite saa 24. Hewa yetu ina mvuke mwingi, nao hugeuka maji ukigusa kitu cha baridi. Nailoni ikiwa bado imezibwa, maji hubaki nje. Ukiifungua mapema yanaingia kwenye ukindu, na ukungu unafuata.

Ngoma iliyowambwa ngozi, pembe, vitu vilivyopakwa rangi, na kiti cha enzi chenye nakshi za mfupa havikuingia kabisa. Mbao na mfupa havisinyai sawasawa, nakshi zinaweza kubanduka. Kinu hakikuenea, basi nilikifunga nailoni nikakiweka mbali na vingine, huku nikikikagua kila wiki.

Namba ya kila chombo niliiandika kwa penseli kwenye utepe wa pamba na kuufunga kwa uzi: 2023.4.2, yaani mwaka, mpokeo wa nne (mara ya nne kupokea vyombo mwaka huo), chombo cha pili. Siku hiyohiyo nilimuuliza aliyekileta jina la msuko, aliyeusuka, na ukindu ulikotoka. Haya ni ya kuandikwa papo hapo, kwenye daftari lenye jalada gumu, tena kwa maneno yake mwenyewe.

Daftarini niliandika pia tarehe ya kuingia na kutoka friza. Baridi huua waliomo tu, haizuii wapya. Ndiyo maana kila mwezi nabadilisha karatasi nyeusi chini ya rafu, na unga ukionekana tena, chombo hicho kinarudi chumba cha pembeni siku ileile.