Kwenda Tanga kufungisha ndoa ya rafiki

Kabla ya nauli nilihitaji barua. Padri wa nje hawezi kuibuka kwenye parokia ya watu na stola yake shingoni akafungisha ndoa. Sheria ya Kanisa inataka apewe idhini na paroko wa mahali, tena idhini ya ndoa hiyo hiyo. Ikikosekana, ndoa ni batili hata kwaya iimbe namna gani. Basi mkuu wa shirika letu akaandika utambulisho, paroko wa Tanga akajibu karibu sana, nami nikiwa likizo nyumbani Voi kutoka misheni yangu Zambia nikafunga begi: kanzu, stola nyeupe, kadi ya homa ya manjano.

Bwana harusi tulisoma naye seminari. Yeye alitoka, mimi nikabaki, urafiki ukaendelea. Akahamia Tanga kufanya kazi kwenye shamba la mkonge, na huko akampata binti wa Kisambaa. Mama wa bwana harusi, aliyekuwa ameshajiona mama wa padri, alinuna kwa muda mrefu.

Kutoka Mombasa unavuka Likoni kwa feri, kisha Ukunda, Msambweni, na hatimaye Lunga Lunga. Njia yenyewe haina makuu. Minazi, wauza madafu, usingizi. Mpakani Horohoro afisa wa uhamiaji aliniuliza naenda kufanya nini.

"Kufungisha ndoa ya rafiki."

Akanitazama juu mpaka chini, shati la kawaida, mchanga wa feri bado kwenye viatu. "Na wewe mwenyewe lini?"

Nikamwambia bado natafuta mchumba. Mungu atanisamehe, foleni ilikuwa ndefu.

Ukishaingia Tanzania, haupiti muda mashamba ya mkonge yanaanza kukufuata, mistari iliyonyooka hadi macho yachoke. Rafiki yangu hachoki kuisimulia historia ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kesho yake alinipeleka kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani. Jani linaingia bichi, nene, linatoka limebaki singa zinazodondosha maji ya kijani, na harufu yake kali inakung'ang'ania kwenye nguo mpaka jioni. Siku mbili kabla ya harusi yake, mtu huyu alikuwa anagombana na fundi kuhusu mkanda uliolegea. Nilimwuliza kama ana wasiwasi. "Wa mkanda, ndiyo," akasema.

Jioni tukakaa na paroko. Matangazo ya ndoa yalikuwa yameshasomwa kanisani Jumapili tatu, jumuiya haikuleta pingamizi. Upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai taarifa itolewe angalau siku 21 kabla, na hilo pia lilikuwa limekamilika. Paroko akanikabidhi idhini kwa maandishi, ingawa tulikuwa tumekaa meza moja. Nampenda padri wa namna hiyo.

Watu huniambia, "wewe ndiye uliyewaoza." Si kweli. Kwa mapokeo yetu ya Kilatini, maharusi ndio wanaopeana sakramenti hii. Padri anasimama pale kuuliza, kusikia, na kupokea jibu kwa niaba ya Kanisa. Na kuuliza kwenyewe kulinipa kazi. Mtu niliyelala naye bweni moja, ninayejua alivyolia usiku ule alipoamua kuondoka, sasa namwuliza mbele ya umati kama amekuja kwa hiari yake. Alijibu "ndiyo" kabla sijamaliza swali. Wawata, akina mama Wakatoliki, waliovaa vitenge vyao wakapiga vigelegele, nikalazimika kuwatuliza niulize upya, maana bibi harusi naye ana haki ya kusikia swali lote. Yeye alingoja, akavuta pumzi, akajibu taratibu kama anayesaini hati.

Baada ya misa, matarumbeta yakatangulia juu ya pikapu na msafara ukazunguka Ngamiani, ambako mitaa inaitwa kwa namba. Baiskeli zikasimama pembeni kutupisha. Kisha kimya cha ghafla: kila mtu kaenda kulala! Kwetu Kenya harusi ni ya mchana, unakula pilau na kuwahi gari. Hapa ukumbi ulifunguliwa saa mbili usiku, MC akaanza kama vile siku ndiyo kwanza imeanza. Ndafu, yaani mbuzi wa kuchoma, akaletwa mzima, amesimama kwenye sinia, jani mdomoni, wabebaji wakicheza naye. Mama wa bwana harusi alinishika mkono tukienda kutoa zawadi. "Nilitaka mapadri wawili," akaninong'oneza, "lakini huyu mkwe, Padre, amenipikia mwenyewe toka nifike." Kununa kumeisha, nadhani.

Asubuhi shangazi wa bibi harusi akanitania kuwa Tanga ni waja leo waondoka leo. Nikaondoka kweli, nikiwa na bahasha ya paroko kifuani: taarifa ya ndoa, iandikwe kwenye rejista ya ubatizo ya bwana harusi, aliyebatizwa Voi. Ofisini karani alifunua kurasa, akampata, akaandika pembeni mwa jina tarehe na mahali. Kisha akainua kichwa. "Tanga? Na sisi wa Voi mbona hatukupewa kadi?"