Picha mbovu za mtaani: ninavyozisoma kabla ya kuzifuta

Siku hizi sifuti picha nikiwa bado njiani. Kioo cha kamera ni kidogo, na kwenye jua la Zanzibar hakioneshi kitu cha kuaminika. Picha zote za vichochoro vya Mji Mkongwe narudi nazo nyumbani, naziacha wiki nzima, kisha nazikuza hadi asilimia 100 nikitafuta jambo moja: ni kitu gani kimetoka wazi?

Hapo kosa hujitaja lenyewe. Ukuta na mtu wakiwa wamevutika kuelekea upande mmoja, mkono ulitikisika. Ukuta ukiwa wazi na mtu peke yake ndiye aliyefifia, shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, ilizidiwa na mwendo wake. Mtu akififia huku mlango ulio nyuma yake ukionesha hadi misumari ya shaba, basi kamera ililenga mlango. Zamani yote matatu niliyatibu kwa kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga, unaoruhusu shata ya kasi zaidi), ambayo kosa la tatu hailigusi kabisa.

Sasa anayetembea nampa shata ya 1/250 ya sekunde, baiskeli au mkokoteni 1/500. Kulenga nafanya kwa mkono: lenzi pana ya milimita 28 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), f/8, yaani tundu dogo la lenzi, umbali mita 2.5. Hapo kila kilichopo kati ya mita 1.4 na 10 hivi hutoka wazi bila kamera kuhangaika. Gharama yake ni ISO 1600 kwenye kivuli cha vichochoro, pengine 3200. Chembechembe zitaonekana, na mimi nazipenda.

Kuta za chokaa ndizo zilizoniharibia picha nyingi zaidi. Kipimo cha mwanga hutaka kila kitu kiwe kijivu cha kati, kwa hiyo ukuta mweupe ukijaa kwenye picha kamera hubana mwanga, na uso wa mtu mweusi hubaki doa. Naongeza mwanga kati ya +1, yaani mara mbili, na +1.3. Jua likiupiga ukuta moja kwa moja utaungua, yaani utabaki weupe mtupu, na uungue. Uso ukizama gizani, ukiuvuta baadaye kwenye kompyuta unakuja na madoadoa.

Rangi nazo zina hila. Kanga nyekundu mbele ya mlango wa kijani inang'aa machoni, lakini picha zangu ni za nyeusi na nyeupe, na katika kijivu vyote viwili hugandana. Ndiyo maana kioo nakiweka kwenye nyeusi na nyeupe ili nilione tatizo palepale, huku nikihifadhi faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, ambalo rangi zake hubaki. Baadaye kwenye kompyuta nyekundu napandisha iwe nyeupe zaidi, kijani nashusha kiwe cheusi zaidi. Nyekundu ikizidi, midomo hupotea na ngozi hufanana na plastiki.

Nguzo ya umeme iliyoota kichwani mwa mtu haitibiki kwenye kompyuta kwa namna ninayoikubali. Hiyo ni nusu hatua pembeni, kabla ya kubonyeza.