Pumzi za Bingwa

Mwaka 2013 nilipanda Kapchorwa, wilaya ya milimani mashariki mwa Uganda, na wenzangu wawili kumrekodi mwanariadha mwenye medali. Jina lake halitajwi hapa. Mwaka uliotangulia Stephen Kiprotich, mzaliwa wa huko huko, alikuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki London kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, dhahabu ya kwanza ya Uganda tangu ile ya John Akii-Bua ya Munich 1972. Kila nyumba mlimani ilizungumzia mbio. Mimi nilikuwa fundi wa sauti, na mikono ilinitetemeka tangu Mbale, mji ulio chini ya mlima.

Tulichagua sebule, si uwanja. Karibu na ikweta, saa sita mchana jua husimama utosini na macho ya mtu hugeuka mashimo meusi. Kiti tulikiweka pembeni ya dirisha lililofunikwa shuka jeupe, na upande wa pili tukasimamisha ubao mweupe urudishe mwanga shavuni. Taa ya dari ilizimwa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mpigapicha alishika fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu, ya 1/50 ya sekunde. Ukikosea hapo, taa za mirija huchora mistari inayotambaa kwenye picha.

Kisha friji. Mngurumo wake sikio huuzoea, maiki haiuzoei kamwe. Tuliomba ruhusa kwa mama yake, tukaichomoa na kuweka funguo za gari ndani yake, ili tusiweze kuondoka bila kuiwasha tena.

Bingwa aliingia amevaa koti la michezo la nailoni. Kitambaa hicho ni adui wa maiki ya kifuani: kila mkono ukipanda, husikika kama mtu anakunja karatasi. Kumwambia mtu niliyemshangilia redioni abadilishe nguo kulinikausha koo. Nilisema, "Samahani kaka, koti linapiga kelele." Alicheka, akaingia ndani, akarudi na shati la pamba.

Maiki hiyo hufungwa hivi. Vipande viwili vya plasta hukunjwa pembetatu, gundi ikibaki nje pande zote. Kimoja hushika shati, kingine ngozi, maiki katikati, kama upana wa kiganja chini ya kidevu. Waya huviringwa kitanzi kimoja kidogo chini yake na kubanwa, ili mvuto wowote uishie kwenye kitanzi. Waya alijipitishia mwenyewe ndani ya shati, maana mwili wa mtu haushikwi bila ruhusa. Nikamwuliza alikula nini asubuhi. Jibu la namna hiyo hutoka kwa sauti ya kawaida, na kwa sauti hiyo ndipo unapopima kiwango. Niliweka vilele vya sauti kwenye desibeli -12, na chaneli ya akiba, nakala ya sauti hiyo hiyo iliyopunguzwa, kwenye -20, kwa sababu mtu akifika mita 200 za mwisho za simulizi yake hupaza sauti, na sauti iliyopasuka haishoneki.

Dakika ya kumi na tano mvua ikashuka juu ya mabati. Hiyo haisafishiki baadaye: kelele yake imetandaa toka besi hadi sauti nyembamba, pale pale maneno yanapokaa. Tukasimama. Chai ikaja.

Nilimwambia maiki bado iko wazi, jambo ambalo kila fundi anapaswa kusema. Akaitikia kwa kichwa, akatazama dirishani. Ndipo nikasikia pumzi zake kwenye hedifoni, chini kabisa ya kishindo cha mvua: ndefu, polepole, na katikati ukimya mrefu hadi nikatazama kifua chake kuhakikisha. Zangu zilikwenda mbili kwa moja yake. Sijui nilisikiliza muda gani. Nilipokuja kugusa kitufe tena, vidole vilikuwa vimetulia.

Mvua ilipokatika tukamaliza mahojiano, nikaomba sekunde 30 za sauti ya chumba bila maneno, zile zinazoziba mapengo wakati wa kuhariri. Hakuna aliyesogea. Matone yalianguka toka ukingo wa bati, jogoo mmoja mbali, na pumzi ile ile.

Mama yake akachomeka friji, akanipa funguo. Zilikuwa za baridi.