Mwerezi, kulungu na mbwa mwitu

Siku hizi nawaza sana juu ya mwerezi mweupe, ambao Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa huku kwenye Ziwa Superior, Amerika Kaskazini, huuita giizhik. Ni moja ya dawa zao nne kuu, pamoja na tumbaku (asemaa), nyasi yenye harufu tamu (wiingashk) na mmea wa kufukizia uitwao mashkodewashk. Mwerezi huchemshwa, hufukizwa, na wengine hutundika tawi lake juu ya mlango.

Mama mmoja wa Kiojibwe, moja ya jamii za Waanishinaabe, ninayefanya naye kazi hapa Duluth, jimbo la Minnesota, ndiye aliyenifungua macho. Nilimuuliza mwerezi unatibu nini. Akanijibu nianze kwa kuuliza nani mwingine anauhitaji. Katika mafundisho yao binadamu aliumbwa mwisho kabisa. Sisi ni vitindamimba. Mimea na wanyama ni kaka na dada zetu wakubwa, nao ndio waliotufundisha kuishi. Ndiyo maana ukoo wa dubu, makwa, unajulikana kwa ujuzi wa dawa, na ndiyo maana mtu huweka asemaa chini ya mti kabla ya kuchuma.

Wazo la mnyama kuwa mwalimu halikunishangaza. Kule Mahale, magharibi mwa Tanzania, Mohamedi Seifu Kalunde, mjuzi wa mitishamba wa kabila la Watongwe, alisimulia jinsi babu yake alivyoijua dawa ya mulengelele kwa kumwangalia nungunungu mgonjwa akila mizizi yake. Nimekua nikisikia habari za namna hiyo. Lakini nilizichukua kana kwamba mnyama ametuonyesha dawa, basi, kazi yake imekwisha.

Kwenye mwerezi haijaisha. Theluji ikiwa nyingi, kulungu wa mkia mweupe hujikusanya chini ya mierezi, maana huko kuna kinga ya upepo, na majani yake ni chakula chao cha baridi. Wanapozidi, hula kila mche unaochipua. Nimetembea kwenye misitu ambayo mierezi mikongwe imesimama tele na huoni hata mche mmoja unaofika kiunoni. Inaniuma kuitazama. Mti huu huweza kuishi mamia ya miaka, kwa hiyo hasara inajificha: wazee wapo, wajukuu hawapo.

Na anayewapunguza kulungu, anayewafanya wasitulie mahali pamoja, ni mbwa mwitu wa kijivu (si yule wa Afrika, bali anayeitwa wolf kwa Kiingereza), ma'iingan. Waanishinaabe husimulia kwamba binadamu wa kwanza alitembea dunia yote pamoja naye kama ndugu. Walipotenganishwa waliambiwa kwamba litakalompata mmoja litampata na mwenzake.

Februari 2021, mara baada ya mbwa mwitu kuondolewa katika ulinzi wa sheria ya Marekani, jimbo jirani la Wisconsin lilifungua uwindaji. Jumla iliyoruhusiwa ilikuwa 200: 119 kwa wawindaji wenye leseni za jimbo na 81 kwa makabila ya Waojibwe, ambayo hayakutaka kuwaua. Kwa muda usiofika siku tatu waliuawa 218. Waojibwe waliposema wameumizwa, wengi walidhani ni huzuni ya kuhurumia mnyama tu. Mimi naona walikuwa wanazungumzia pia afya zao. Ukimwondoa ma'iingan, kulungu anaumaliza mche, na mwanao akikua hakuna giizhik ya kuchuma. Hilo halihitaji mtu aamini simulizi lolote. Aende msituni atazame urefu wa miche.

Kwa hiyo vitabu vya mitishamba vinavyopanga jani, ugonjwa na kipimo vimeanza kunipa shaka. Vinaiandika dawa kana kwamba inajiotea peke yake.

Mama yule amekubali nimfuate theluji ikiyeyuka. Kuchuma, amesema, bado. Kwanza nijifunze kutofautisha nyayo za ma'iingan na za mbwa wa nyumbani.