Dume la Sarapiquí

Leo chozi alikuwa ananing'inia kwenye ua la mgomba nyuma ya jiko, kitinda mimba wangu akauliza kama kuna ndege anayeweza kuruka kinyumenyume. Nikamwambia yupo, nimemwona kwa macho yangu. Akaguna tu.

Ni ule mwaka nilipokwenda Amerika ya Kati kwa kozi. Habari za viza na maharage ya asubuhi, mchana na jioni nimeshawachosha nazo. Kituo cha La Selva kiko Sarapiquí, Kosta Rika, kwenye msitu wa bondeni unaopata mvua ya milimita 4,000 hivi kwa mwaka. Koti langu lilikuwa linavuja, nikajifunga mtandio mwekundu kichwani.

Alfajiri tukapelekwa kwenye uwanja ambapo madume hukusanyika kuwaimbia majike: wale ndege wavumaji, wafyonza nekta wadogo wanaosimama hewani, ambao wenyeji huwaita ermitaño. Msitegemee wale wanaometameta kama vito kwenye kalenda. Wana rangi ya kahawia, mdomo mrefu uliopinda, gramu 6 tu. Kila dume na kijiti chake kichakani, anarudia sauti ile ile moja huku anatikisa mkia, kutwa nzima.

Mmoja akaacha kijiti, akaja kwenye mtandio. Akasimama hewani, shubiri moja kutoka puani kwangu. Upepo wa mbawa zake ukanigusa kope. Chavua ilikuwa imemganda kwenye kipaji, ya njano, kama aliyepakwa liwa. Akakagua pindo la kulia, akarudi nyuma bila kugeuka, akaja la kushoto. Nami nimebana pumzi. Mwalimu akachagua dakika hiyo hiyo kuninong'oneza kwamba ncha ya mdomo wa dume ni kali kuliko ya jike, na huchomana nayo wakigombea vijiti.

Halafu hakuwepo.

Jike, tukaambiwa, hujenga peke yake: kiota hukifunga kwa utando wa buibui chini ya ncha ya jani, hutaga mayai mawili na kulea mwenyewe.

Usiku nikampigia mama, Muheza kunapambazuka. Nikamsimulia yote.

"Sasa huyo anayeimba kutwa, anakula saa ngapi?"

Nikamweleza kuwa huchomoka, akayazungukia maua yake ya helikonia moja moja, mengine mbali kabisa, kisha akarudi kijitini.

"Aa," akasema mama. "Huyo namjua."