Chakula Kikimkwaza Ndugu Yangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mbukwenyi, kwa salamu yetu ya Kigogo.

Wiki hii nilikuwa nimejiandaa kuwaletea Zaburi ya 23. Nikafika aya ya tano, "Waandaa meza mbele yangu", nikashindwa kuendelea, maana tangu Jumapili naziwaza meza zetu sisi wenyewe.

Mliokuwepo ibada ya pili mnajua. Wahudumu wa afya walikuja kutupima pale uwanjani: uzito, urefu, presha. Nikapanda mzani, kilo 84, na urefu wangu ni sentimita 160. Kwa hesabu zao uwiano wangu wa uzito na urefu (BMI) unakaribia 33, na ukifika 30 wanasema ni unene uliopita kiasi. Mtu wa urefu wangu asizidi kilo 64 hivi. Sikushtuka, kliniki walishaniambia. Ni vita yangu ya siku nyingi hii, kuna wiki nashinda na kuna wiki nashindwa, Mungu anajua. Kilichonichoma ni mama aliyenifuata. Alipoweka tu mguu, vijana wa kwaya wakapaza sauti, "Jamani mzani huo!" Watu wakacheka. Mama akashuka, akajifunga mtandio wake, akaondoka bila hata kupimwa presha.

Presha haiumi, wapendwa. Mtu anaweza kutembea nayo miaka, siku moja akaanguka na kupooza upande, halafu sisi tukaanza kutafuta mchawi. Yule mama alikuja mwenyewe apimwe, tukamfukuza kwa kicheko ndani ya uzio wa kanisa. Vijana, mlishasikia kwa kinywa changu na narudia hapa: nendeni nyumbani kwake mkamwombe radhi.

Wala wazazi msijifanye wasafi. Mnene tunamcheka kwenye mzani, lakini tukikutana naye sokoni Majengo tunamsifu: "Umenawiri! Mzee anakutunza!" Dada akipungua kilo tano tu tunanong'ona kwamba anaumwa, au ndoa imemshinda. Naelewa tulikoitoa tabia hii. Bibi zetu walisimuliwa habari za Mtunya, ile njaa iliyoimaliza Ugogo, nchi yetu hii ya Dodoma, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Aliyeiona njaa ile ana haki ya kumshukuru Mungu kwa mwili uliojaa. Hata Danieli na wenzake, baada ya siku kumi za mtama na maji, imeandikwa kwamba miili yao ilinenepa kuliko waliokula chakula cha mfalme. Huwa natabasamu nikifika hapo. Lakini wao walinenepa kwa mtama! Sisi wa mjini mtama, uwele na mlenda tumewaachia ndugu zetu wa Bahi na Chamwino, tukahamia sembe, chipsi mayai na maandazi, na kwenda dukani hapo kona tunaita bodaboda.

Na asije mtu akasema hili ni la matajiri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya 100, wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi. Utafiti huohuo ukakuta watoto 34 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mama mnene na mtoto aliyedumaa wanaweza kulala chini ya bati moja.

Serikali imefanya sehemu yake. Tangu Desemba 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, tumeambiwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi ni ya mazoezi. Mwaka 2023 ukatoka Mwongozo wa Kitaifa wa Chakula na Ulaji. Vizuri sana. Ila hakuna waziri atakayeingia kwenye jumuiya yetu, tunapokutana nyumbani kwa mmoja wetu kusali, aitoe mkononi mwa mgonjwa wa sukari ile chupa ya soda uliyomlazimisha wewe.

Hapo ndipo Bwana anaponisumbua. Soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri, ikiwezekana, mtu mzima asizidi kama vijiko sita kwa siku nzima. Mgonjwa huyo tunamsogezea kreti ya soda, tunamwekea na maandazi mawili, akikataa tunasema anaringa, au anaidharau nyumba ya mwenzake. Halafu mwisho wa ibada tunamwita mbele, tunamwekea mikono, tunaikemea sukari kwa jina la Yesu! Mimi naamini uponyaji, nimeuona. Lakini tunakemea kitu ambacho sisi wenyewe tumekimimina.

Paulo alikuwa na uhuru wa kula nyama, akasema, "Chakula kikimkwaza ndugu yangu, hata milele sitakula nyama." Hata milele, wapendwa! Sisi tunashindwa kuacha soda kwa saa moja ya jumuiya ili dada yetu asione aibu kuomba maji. Ukarimu gani huu unaompeleka mgeni hospitali ya General? Mpende ndugu yako hadi kwenye sinia. Mama wa nyumba, weka maji mezani yawe ya kwanza, na mtu akisema "inatosha", muamini. Wazee wa kanisa, kwenye harusi na mavuno msimpimie mchungaji mlima wa pilau kama ndiyo heshima. Naye ana moyo na figo, na mke anayemhitaji.

Jumuiya ya wiki hii ni kwangu, Nkuhungu. Kutakuwa na uji wa uwele, sukari itakaa pembeni kila mtu ajiwekee, na karanga za kuchemsha na maji. Nimempigia yule mama, amesema atafikiria. Mwombeeni aje. Nami mniombee, Jumatatu narudi kliniki.